Bush anaondoka akichukiwa. Sisi wa Dar tumhukumu kwa lipi?

Mkazi wa Ilala
Wadau, alfajiri ya leo, Ijumaa 16 Januari 2009, kwa saa zetu George W. Bush amewaaga Wamarekani kwa hotuba yake ya mwisho. Jumanne, tarehe 20, anamwachia Obama kiti. Sijasikia kijiwe hata kimoja mjini hapa kinachomtakia heri. Kwao wenyewe kura za maoni mwaka jana zilimshusha hadi asilimia 25. Mwezi uliopita kule Baghdad mwandishi wa habari kamrushia viatu vyote viwili mbele ya kamera, na watu wakashangilia, rafiki zangu wakiwemo.

Mimi namtetea. Januari 2003, mbele ya Bunge lao, aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano za kupambana na ukimwi katika nchi maskini. Ukimwi wa Ilala haukuwa unamwongezea kura hata moja Texas. Wakati ule Afrika yote ya kusini mwa Sahara, waliokuwa wakipata dawa za kurefusha maisha walikuwa kama 50,000. Mwezi uliopita imetangazwa kwamba mpango ule umewafikishia dawa watu zaidi ya milioni 2. Julai iliyopita akasaini sheria nyingine, safari hii dola bilioni 48. Malaria nayo, 2005 aliahidi bilioni 1.2, na Tanzania ikawa katika nchi tatu za mwanzo pamoja na Uganda na Angola. Februari mwaka jana alikuja hapa, akaingia hospitali ya Amana, akasaini Ikulu na Rais Kikwete msaada wa dola milioni 698 wa barabara, umeme na maji.

Aliyekuwa na akili zake Ilala miaka ya tisini anakumbuka. Turubai likishushwa mtaa huu linafungwa mtaa wa pili, marehemu wote vijana, na hakuna aliyethubutu kuutaja ugonjwa. Leo wenzetu wanameza dawa na wanakwenda kazini. Iraki ipo na itaandikwa. Ninachokataa ni kuandika Iraki peke yake halafu tuseme hesabu imefungwa. Nawasilisha.

Kijana wa Sinza
Mkuu, bilioni 15 kwa miaka mitano, na vita vya Iraki vimekula mamia ya mabilioni. Hapo ndipo moyo wa mtu unapoonekana. Powell, waziri wake wa mambo ya nje, alikwenda Umoja wa Mataifa na kichupa mkononi kutuonyesha sumu ya Saddam. Silaha ziko wapi? Tunaingia mwaka wa sita zinatafutwa.

Kinachoniuma zaidi ni sisi. Nilisimama Barabara ya Nyerere siku ile alipokuja nikaona akina mama wazima wamevaa magauni yenye sura ya Bush kifuani na mgongoni, wanapiga vigelegele. Mtu anamvaa muuaji mwilini kwa sababu kaahidiwa chandarua. Aibu ya taifa.

Mstaafu wa Upanga
Mleta mada umesema vizuri. Nyongeza tu: Rais wetu alimwambia mgeni waziwazi kwamba wengine wanaweza kuwa na maoni yao juu yake, lakini sisi tunajua amekuwa rafiki wa nchi hii na wa Afrika. Alisema hivyo wakati dunia nzima imempa Bush kisogo. Inahitaji uungwana.

Mama wa Tabata
Kijana wa Sinza, mimi nilivaa gauni hilo.

Soma vizuri kabla hujajibu. Mwaka 2004 nilikuwa nabebwa mgongoni kupelekwa chooni. Ndugu walishakaa kikao cha kugawana watoto, mimi nasikia kila neno chumba cha pili. 2005 nikaanza dawa, bure. Kitindamimba wangu alikuwa darasa la pili, mwezi huu ameingia la sita na sare yake nimemfulia mimi kwa mikono yangu. Aliyekuja barabarani siku ile, kwangu mimi, ni mtu ambaye fedha yake ilinirudishia hiyo mikono. Ulitaka nivae nini, kaniki?

Chandarua ninacho tangu zamani, sikukitafuta kwa Bush.

Kijana wa Sinza
Mama, sikukulenga wewe, nimelenga tabia. Fedha si ya Bush, ni ya walipa kodi wa Marekani. Na vile vitambaa havikushuka toka mbinguni. Watu walipangwa barabarani na wajumbe wa nyumba kumi, hilo kila mtu analijua.

Mama wa Tabata
Hakuna mjumbe aliyenipanga. Nilitoka Tabata kwa miguu mpaka barabarani. Unavyoongea ni kama mwanamke wa mtaani hawezi kuwa na sababu yake mwenyewe ya kufanya jambo.

Mlalahoi wa Buguruni
Kwa kuwa barabara imetajwa, na mimi niseme. Siku ile walifunga njia tangu asubuhi. Mzigo wangu wa nyanya ulilala kwenye gari hadi ukaanza kutoa maji, na hakuna wa kumuuliza. Kila mgeni mkubwa akija sisi wa Buguruni ndio tunaolipa. Sijali ni Bush au malaika.

Binti Temeke
Mlalahoi kasema kweli. Na magauni yenyewe mwacheni mama wa watu. Mbona wakati wa kampeni mnavaa kofia na fulana za wagombea msiowajua hata kwa jina, na mnapigania zikiisha? Hiyo si aibu ya taifa?

Mpemba wa Kariakoo
Assalaam alaykum. Mama yangu wa Tabata, hongera kwa uzima, Mola akuzidishie. Siwezi kukudai kwa nini umeshukuru. Lakini mleta mada anataka sote tushukuru, hapo hatuelewani.

Gaza leo inaingia wiki ya tatu inapigwa. Wiki iliyopita Baraza la Usalama limepiga kura ya kusimamisha mapigano, wajumbe 14 wamekubali, Marekani peke yake kajizuia. Hiyo ndiyo zawadi yake ya kuagia. Guantanamo, gereza lao kule Cuba, imefunguliwa Januari 2002, na yumo kijana wa Zanzibar, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyekamatwa Pakistan 2004. Wamemficha miaka miwili ndipo wakampeleka kule kisiwani, na hadi leo hajahukumiwa na mahakama yoyote. Na hapa kwetu Bunge likapitishiwa sheria ya ugaidi 2002. Masheikh waliipinga, nani aliwasikiliza? Urithi wa Bush upo hapa Kariakoo, ndugu yangu wa Ilala, ila wewe hupiti mtaa huo.

Mstaafu wa Upanga
Umemtaja Ghailani kama mtoto wa jirani aliyepotea! Mimi nilikuwa mjini tarehe 7 Agosti 1998. Walikufa watu 11 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, na Mmarekani hakuwemo hata mmoja. Walikuwa walinzi na watu wa kazi, wenzetu. Kijana huyo ndiye anayetuhumiwa kushiriki. Sasa leo tumlilie?

Mpemba wa Kariakoo
Mzee wangu, kwa heshima yako, soma nilichoandika. Sijamlilia. Nimesema hajahukumiwa. Kama kaua, aletwe mbele ya hakimu, watoto wa wale 11 wakae mbele wasikie ushahidi. Kumfungia kisiwani miaka na miaka kunawanyima hata wao. Au wewe umeshasikia ushahidi ukiwa Upanga?

Kijana wa Sinza
Halafu mzee, 1998 rais alikuwa Clinton. Tusichanganye mafaili.

Mstaafu wa Upanga
Nilikuwa mtumishi wa serikali kabla hujazaliwa, sihitaji kufundishwa mafaili. Nimemjibu aliyetaja Guantanamo.

Mkazi wa Ilala
Wakubwa, turudi kwenye mada. Swali langu ni urithi wa Bush kwa ujumla wake. Mpemba, nakubali Guantanamo ni doa, lakini wewe hujagusa hata tarakimu moja niliyoweka. Na msaada ule wa milioni 698 ndani yake kuna waya mpya wa umeme wa baharini kwenda Unguja. Mwaka jana Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Hilo nalo si la kwenu?

Mpemba wa Kariakoo
Usininunue kwa waya. Mimi nimetaja watu waliokufa, wewe unanijibu kwa umeme. Na Unguja na Pemba ni visiwa viwili, tangu lini giza la mmoja likawa deni la mwingine?

Muuguzi wa Temeke
Nimekuwa nasoma kimya, sasa naingia kwa sababu mnapishana juu ya kazi yangu.

Kwanza vyandarua. Hati punguzo ya wajawazito, ile ya kununulia neti kwa bei nafuu, ilianza 2004 kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria. Mpango wa Bush uliingia baadaye ukabeba hati za watoto wachanga. Vile milioni 5.2 alivyovitangaza alipokuwa hapa, vya watoto wa chini ya miaka mitano, ni vya pamoja na Mfuko wa Dunia na Benki ya Dunia. Kwa hiyo si kila neti yenye tundu ni ya Bush, na si kila mtoto aliyepona ni wake.

Pili, dawa. Mama wa Tabata hadanganyi. Kabla ya 2004 wodini tulikuwa tunamwandaa mgonjwa kufa. Tulimpa dawa ya fangasi, maji na maneno mazuri. Wenye uwezo walinunua ARV, hizo dawa za kurefusha maisha, wenyewe, wakiuza kiwanja, wakiuza gari, kisha fedha ikaisha na dawa ikaisha. Nimeona mtu aliyekuja na kitoroli akarudi baada ya miezi sita anaendesha baiskeli. Siwezi kunyamaza mtu akiita hilo propaganda.

Lakini mleta mada umeacha jambo. Sheria ya Marekani ya 2003 iliyoanzisha mpango huo iliamuru theluthi moja ya fedha za kinga iende kwenye mafundisho ya kusubiri hadi ndoa. Tulipewa mabango ya kusubiri, tuyabandike mbele ya wanawake ambao tayari wameolewa na wameambukizwa na waume zao ndani ya ndoa. Nilisimama mbele yao nikakosa cha kusema. Sheria ya mwaka jana imelegeza sharti hilo, baada ya miaka mitano.

Na jambo kubwa kuliko yote: miradi inalipa vizuri kuliko serikali. Wenzangu niliosoma nao wamehamia kwenye miradi, wanapanda magari ya mradi. Kliniki ya ukimwi ina watu na kompyuta, wodi ya wazazi ng'ambo ya ukuta ina muuguzi mmoja usiku. Fedha hiyo imeokoa watu na imetuvuruga, vyote kwa pamoja, na mimi nafanya kazi katikati.

Mkazi wa Ilala
Muuguzi, asante. Ila Mfuko wa Dunia mchangiaji wake mkubwa kuliko wote ni nani? Marekani hiyohiyo.

Kijana wa Sinza
Muuguzi kaua mada. Wametuvunjia hospitali zetu kwa mishahara, halafu tunavaa magauni.

Muuguzi wa Temeke
Usiniwekee maneno mdomoni, kaka. Sijasema wametuvunjia. Aliyepaswa kuweka muuguzi wa pili wodi ya wazazi si Bush. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kila nchi itenge asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Waulize wabunge wenu tumefika ngapi. Bush angeweza kusema hapana na sisi tungekuwa tunazikana, na bado tungemlaumu yeye.

Binti Temeke
Hapo sasa. Bush anaondoka, Obama anaingia. Akikata fedha inakuwaje?

Kijana wa Sinza
Obama hawezi kukata, ni damu yetu. Baba yake Mjaluo wa Kenya.

Mama wa Tabata
Ujaluo wake hauninunulii dawa. Bush hakuwa damu yetu na alinunua. Tarehe yangu ya kliniki ni mwezi ujao na nitakwenda na kadi yangu kama kawaida, lakini ninyi mnaoshangilia, mmeshajiuliza nani anasaini baada ya Jumanne? Rais wetu mwenyewe alipoulizwa kuhusu Obama alisema anatumaini ajaye atakuwa rafiki wa Afrika kama huyu anayetoka. Alijua anachosema.

Mpemba wa Kariakoo
Mama, nimekuheshimu tangu mwanzo na nitaendelea. Lakini maisha yako hayawezi kulipia ya mama wa Baghdad. Naye alikuwa na mtoto wa darasa la pili.

Mama wa Tabata
Mwanangu, mimi sijamlipia mtu. Huyo mama wa Baghdad ana haki ya kurusha kiatu, tena angenikuta ningemwokotea cha pili. Nami nina haki ya kuvaa gauni langu. Ninyi ndio mnaotaka mmoja wetu anyamaze.

Mstaafu wa Upanga
Umemaliza, mama.

Mpemba wa Kariakoo
Hajamaliza, mzee. Bado nasema mwenye damu mikononi ashtakiwe, hata kama mkono wa pili ulitoa dawa. Mahakama ikimaliza, mwenye kumvaa amvae.

Mkazi wa Ilala
Kumbe hata wewe unataka ahukumiwe kwa mikono yote miwili. Ndicho nilichoandika mwanzo.

Mpemba wa Kariakoo
Sicho. Wewe umetaka shukrani, mimi nataka kesi.

Mlalahoi wa Buguruni
Samahani wakubwa, hizo milioni 698. Nimesikia ndani yake kuna kupanua mtambo wa maji wa Ruvu Chini, kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270. Hapa Buguruni bomba linatoa upepo, na maji ya madumu tunanunua kila siku. Mwenye uhakika aseme: kazi inaanza lini, na mabomba ya kuyaleta huku kwetu yamo kwenye huo mkataba au ni mtambo peke yake?