Mnaofundisha JavaScript mnatuficha nini? Fankisheni kwenye arei zimenilia siku tatu

Wakuu habari za usiku. Nimeshindwa kulala ndo maana naandika, na mods naomba huu uzi msiusogeze jukwaa la utani maana leo sicheki kabisa.

Nina kikazi kidogo cha kikoba fulani. Kina mama wanataka wanachama wao waangalie salio na kutoa hela kwa simu ya vitufe, menyu ya kawaida tu ya USSD, 0 rudi, 1 angalia salio, 2 weka, 3 toa. Nilikuwa nimeandika switch yangu ndefu (ile ya akibonyeza hiki fanya hiki, akibonyeza kile fanya kile), mbaya kuiangalia lakini inafanya kazi. Akaja jamaa mmoja anajiita seniori, akapitia kodi yangu (kodi ya programu, siyo ya mwenye nyumba, ingawa na hiyo nadaiwa) akacheka akasema bado unahangaika na switch wewe, fankisheni ni kitu kama namba tu, zipange kwenye arei uziite kwa indeksi, mstari mmoja umemaliza. (Kwa wageni: fankisheni ni kipande cha kodi chenye jina unachokiita kwa mabano, arei ni orodha, indeksi ni namba ya nafasi kwenye orodha, inaanzia 0.) Nikaingia YouTube kuhakikisha, video tatu zote wimbo uleule, wanaweka salamu() na kwaheri() kwenye arei, wanaita menyu[0](), inatokea "Hujambo", wanasema tukutane video ijayo. Nikaamini. Mjinga mimi.

Kodi yenyewe hii hapa, nimeipunguza (class au klasi ni ramani ya kutengenezea objekti, constructor inaendeshwa objekti ikizaliwa, this ni "objekti yenyewe", END ni ya kufunga kikao cha USSD):

class Mwanachama {
  constructor(salio) {
    this.salio = salio;
    this.menyu = [this.rudi, this.angalia, this.weka, this.toa];
  }
  toa(kiasi) {
    if (kiasi > this.salio) return "END Salio halitoshi";
    this.salio = this.salio - kiasi;
    return "END Umetoa " + kiasi + ". Salio lako ni " + this.salio;
  }
}

Niambieni ubaya uko wapi hapo. Safi kama maji ya dafu. Nikatengeneza mwanachama wa majaribio mwenye elfu ishirini, nikaita mwanachama.menyu[3](5000), jibu likaja:

END Umetoa 5000. Salio lako ni NaN

NaN!! Yaani Not a Number, si namba. Fikiria mama wa watu yuko sokoni na kitochi chake anaambiwa salio lako ni NaN, si atadhani kikoba kimehamia China. Na hilo hata siyo baya zaidi. Nikajaribu kutoa milioni tano kwenye akaunti ya elfu ishirini. IKAKUBALI. Umetoa 5000000. Hakuna erori, hakuna maandishi mekundu, seva imetulia tuli kama haijafanya kitu. Asante Mungu ilikuwa data ya majaribio, ingekuwa hela za watu sasa hivi ningekuwa naandika huu uzi nikiwa mahabusu.

Siku ya kwanza yote nililaumu database. Siku ya pili nikalaumu Number(), ile ya kugeuza maandishi kuwa namba, nikajua labda maandishi ya kwenye simu yanakuja na nafasi au kinyota, nikachapisha kila kitu, namba ziko sawa. Siku ya tatu usiku, bando limebaki la kuhesabu, nikaichapisha objekti nzima na console.log(mwanachama) na ndo nikaona hiki:

salio: 20000,
menyu: [ [Function: rudi], [Function: angalia], [Function: weka], [Function: toa], salio: NaN ]

Soma tena huo mstari wa pili, mwishoni kabisa. AREI INA SALIO. Arei! Mwanachama bado ana elfu ishirini yake, hakuna aliyeigusa, ila arei ya menyu imefunguliwa akaunti yake na inatoa hela.

Kumbe iko hivi, na hili hakuna video hata moja iliyosema. Kwenye JavaScript methodi (fankisheni ya ndani ya klasi) haijui ni ya nani. Ukiandika this.toa bila mabano unachukua fankisheni tupu, mwenyewe anabaki nyuma. Halafu ile this haiamuliwi pale ulipoandika, inaamuliwa pale unapoita, kwa kuangalia kilichokaa kabla ya nukta au kabla ya mabano ya mraba. Ukisema mwanachama.toa(5000) this ni mwanachama. Ukisema mwanachama.menyu[3](5000) kilichokaa kabla ya [3] ni nini? Ni menyu. Kwa hiyo this ni arei. Yaani this ni kama mtoto anayemwita baba yeyote aliyemfungulia mlango. Basi arei haina salio, this.salio inarudi undefined (yaani hakuna kitu), 5000 kubwa kuliko undefined? Hapana, basi pita mzee, undefined kutoa 5000 ni NaN, na hiyo NaN inaandikwa kwenye arei kama salio lake jipya. Ukirudia tena 5000 kubwa kuliko NaN? Hapana, pita tena. Mlinzi niliyemweka mlangoni analala wazi wazi na anakoroma.

Kinachoniuma zaidi ni huu ukimya. Ningekuwa nimeitoa kwenye arei kwanza, const f = mwanachama.menyu[3] halafu f(5000), ingepiga kelele palepale, Cannot read properties of undefined (reading 'salio'), kwa sababu fankisheni iliyoandikwa ndani ya klasi ukiiita bila mtu mbele yake this inakuwa undefined na programu inakufa. Kufa ni sawa! Nataka ife! Lakini ukiita moja kwa moja kutoka kwenye arei haifi, inatafuta baba mwingine. Kwa hiyo ule "mstari mmoja umemaliza" wa bwana seniori ndo njia mbaya kuliko zote.

Na msiniambie ndo programu zilivyo. Python ukiandika self.menyu = [self.rudi, self.toa] halafu self.menyu[1](5000) inafanya kazi, methodi inatembea na mwenyewe. Java toka toleo la 8, mwaka 2014, unaandika this::toa yameisha. PHP unaweka [$this, 'toa'], imekaa kishamba lakini mwenye mali yumo. Hata C++ na alama zake za kutisha, (this->*menyu[3])(5000), ukisahau kusema ni ya nani inakataa kabla hujaendesha kitu. Sisi tumepewa lugha ambayo mfano wake wa kwanza Brendan Eich aliutengeneza ndani ya siku kumi mwaka 1995 kule Netscape, na bind (ya kuifunga this kwenye fankisheni) imeingia kwenye lugha rasmi 2009, fankisheni za mshale (=>) 2015, hapo katikati watu wakaishi na var self = this kama dawa ya kienyeji.

Najua mtakuja na "weka bind". Nimeshaweka, nikatoa, nikaweka mishale:

this.menyu = [() => this.rudi(), () => this.angalia(), (k) => this.weka(k), (k) => this.toa(k)];

Inafanya kazi kwa sababu mshale hauna this yake, unatumia ya pale ulipoandikwa, na pale ni ndani ya constructor kwa hiyo ni mwanachama. Naipenda kuliko bind kwa sababu unaona kabisa nani anaitwa na anapewa nini. bind nayo inakupa fankisheni mpya kila ukiita, nikajaribu kutafuta menyu.indexOf(this.toa) ikanirudishia -1 (mshale nao ungerudisha hiyohiyo, hapo ni sare), nikasema haya, kaa na bind yako.

Nikajua yameisha. Wapi.

Asubuhi mdogo wangu anachezea simuleta yangu, badala ya kubonyeza namba akaandika neno pop, eti alikuwa anataka kuona nini kitatokea. Menyu ikabaki na vitu vitatu. TOA IMEPOTEA. Kwa sababu chaguo la mtumiaji linakuja kama maandishi, mimi naita menyu[chaguo](kiasi), na arei ina fankisheni zake za kuzaliwa nazo, pop, push, reverse, ukoo mzima. menyu["pop"]() ni sawasawa na menyu.pop(). Nikajaribu mwenyewe kuandika reverse, menyu ikageuka kichwa chini, ukibonyeza 0 urudi nyuma unaingia kwenye kutoa hela. Hivi kuna mwalimu gani amewahi kukwambia kwamba kuita fankisheni kwa alichoandika mtu wa mtaani ni kumpa ufunguo wa stoo? Switch yangu ya kishamba ingeangukia default, ingesema "chaguo si sahihi", tungelala.

Sasa hivi nakagua kwanza kama ni tarakimu moja tu, /^\d$/.test(chaguo), kisha naangalia kama kilichopo hapo ni fankisheni kweli, ndo naita. Msikimbilie Number() peke yake, Number ya maandishi matupu inarudisha 0, na USSD mtu akipiga mara ya kwanza maandishi yanakuja matupu, kwa hiyo kila anayefungua anarudishwa nyuma kabla hajaanza. Nayo nimeshaipitia, ilinila nusu saa.

Kitu kimoja tu nimekiona cha maana kwenye mateso haya yote, salio nimelibadilisha kuwa #salio, ile ya alama ya reli, siri ya klasi yenyewe. Nikarudisha kodi ya zamani makusudi, bila mshale, nikaita kutoka kwenye arei, ikafa hapohapo ikisema haiwezi kusoma #salio kwenye objekti ambayo klasi yake haikuitangaza. Hicho kilikuwa kilio kitamu sana masikioni mwangu. Kwa hiyo kama una klasi inayogusa hela na methodi zake zinazunguka kwenye arei, weka alama ya reli leo leo, usingoje NaN ikusalimie.

Seniori nimemtumia picha ya ile arei yenye salio, kasoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Ninachouliza, na naomba wajuzi tu: TypeScript (JavaScript inayokagua aina za data) ya kawaida hili la this kupotea hailikamati mpaka uandike this kama kigezo kwenye kila methodi, na ile kanuni ya unbound-method kwenye ESLint (kikagua makosa ya kodi) inahitaji TypeScript. Mimi mradi wote ni JavaScript tupu na kina mama wanataka Jumatatu. Kuna mwenye njia ya kuikamata bila kuhamisha mradi mzima? Wa "rudi kwenye switch" nao waje tu, sibishani nao tena.

Nawasilisha.