Vijana wetu wanaliwa hela za chumba London na watu wa nyumbani, na sisi Tanga tunaficha

Salaam wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Septemba 2025. Mama amenikataza kulisema, mjomba amenikataza, wazee wakataka limalizwe kimya kimya ndani ya familia mbili. Limemalizwa? Hela haijarudi hata senti. Na wiki iliyopita nimeonyeshwa simu ya kijana mmoja wa Makorora anayejiandaa kwenda kusoma, ametumiwa picha za chumba. Kitanda kile kile, pazia lile lile la kijani, maneno yale yale. Mwili ulinisisimka. Kwa hiyo leo nalisema, na atakayekasirika akasirike.

Mdogo wangu alipata nafasi ya shahada ya pili London. Ada ililipwa na ufadhili, malazi na chakula vikawa juu yetu. Mama akauza kiwanja chake cha Pongwe. Mimi nikatoa hela ya mchezo niliyopokea Julai, hela niliyokuwa nimeiwekea nia ya kuongeza mtaji wa vitenge pale Mgandini. Tulitoa kwa moyo mmoja. Mtoto wetu anakwenda ng'ambo, asilale nje.

Hapo ndipo alipojitokeza kaka mmoja anayeishi huko miaka mingi. Jina silitaji. Mzaliwa wa Ngamiani, mama yake tunamjua, amekula kwetu, sisi tumekula kwao. Akapiga simu mwenyewe: "Shangazi, London ni kubwa, mgeni anapotea. Niachieni mimi, chumba kipo, kiko London, karibu tu na chuo. Lakini kinagombaniwa, mkichelewa leo kesho hakipo." Kodi pauni 650 kwa mwezi. Akataka dipoziti ya miezi miwili, kodi ya mwezi wa kwanza, na pauni 200 za kukitafuta. Jumla pauni 2,150. Kwa shilingi zetu ilipita milioni 7. Tukatuma.

Nimejiuliza usiku mwingi, kwa nini hakuna aliyeshtuka? Mama ni mtu makini, mimi nahesabu hela kila siku. Jibu nimelipata na linaniuma: hatukushtuka kwa sababu ndivyo tunavyofanywa hapa hapa. Ukitafuta chumba Chuda au Nguvumali, dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima, na hela ya kuonyeshwa nyumba unaitoa hata kama nyumba hukuipenda. Tumeshazoea. Alipotutajia dipoziti ya miezi miwili na hela ya udalali, masikio yetu yakasikia jambo la kawaida.

Kumbe huko ni kosa la kisheria! England wana sheria ya mwaka 2019, ilianza kutumika Juni 1 mwaka huo, inayokataza kumtoza mpangaji hela ya udalali. Pauni 200 zile hazikuwa halali kabisa. Na dipoziti ina kikomo: kwa kodi za kawaida isizidi kodi ya wiki tano. Pauni 650 kwa mwezi ni pauni 150 kwa wiki, kwa hiyo dipoziti haikupaswa kupita pauni 750. Yeye alichukua 1,300. Hata hela ya kushikia chumba wakati makaratasi yanaandaliwa, kikomo chake ni kodi ya wiki moja, yaani pauni 150. Na sheria yao mpya ya mwaka 2025, kuanzia Mei 1, 2026, inamkataza mwenye nyumba katika upangaji wa kawaida kudai kodi ya mbele inayozidi mwezi mmoja. Mtu anaishi kwenye nchi yenye sheria zote hizo, anazijua, kisha anawageukia watu wa kwao wasiozijua na kuwatoza kwa desturi ya Ngamiani. Hilo ndilo linalonichoma kuliko hata hela.

Sasa sikieni mdogo wangu alivyopokelewa.

Alitua Heathrow jioni. Kaka yule akasema yuko kazini, akatuma anuani kwa WhatsApp. Mdogo wangu akaifuata, begi mbili mkononi, akabadilisha treni, akapanda nyingine, akaona taa za jiji zinaisha nje ya dirisha, mashamba yanaanza. Akanipigia saa saba usiku kwa saa za kwetu. "Dada, mbona London naiacha nyuma?" Mimi niko kitandani Tanga, nitamjibu nini?

Chumba kilikuwa Luton. Wakuu, Luton siyo London. Ni mji mwingine, uko kaskazini, karibu kilomita 50 kutoka katikati ya London. Watu wanachanganywa kwa sababu uwanja wake wa ndege unaitwa London Luton. Ni sawasawa na kumwambia mgeni umempangia chumba Tanga mjini, ukamshusha Pangani, kisha ukamwambia ajitegemee nauli kila asubuhi. Uko nje kabisa ya zoni za usafiri za London, yaani zile duara za nauli zinazoanzia katikati ya jiji, ya kwanza ikiwa katikati kabisa. Ili afike chuoni ilibidi apande treni ya Thameslink mpaka Farringdon, abadilishe, apande ya Hammersmith & City mpaka Mile End. Kwenda na kurudi, kila siku ya kipindi. Nauli ya siku chache tu ililamba hela ya chakula cha wiki.

Chumba chenyewe kilikuwa sebule iliyokatwa kwa ubao wa jipsam. Dirisha lilibaki upande wa pili. Ndani ya nyumba wanaishi watu tisa wasiojuana, choo kimoja. Alipima sakafu kwa futi ya dukani, haikufika mita tano za mraba. Ukutani ukungu mweusi, naye ana pumu tangu utotoni, mama yule wa Ngamiani anajua, aliwahi kumshika mgongo siku amebanwa kifua uani kwetu. Wiki ya pili akaanza kukohoa mpaka akakosa usingizi.

Kwa faida ya wengine: England nyumba wanayokaa watu watano au zaidi wasio wa kaya moja, wanaochangia jiko au choo, lazima iwe na leseni ya halmashauri. Na kwenye nyumba ya namna hiyo chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Orodha ya nyumba zenye leseni iko wazi kwa umma. Tungeuliza anuani kabla ya kutuma hela, tungeangalia. Hatukuuliza anuani! Tuliuliza kama kuna msikiti karibu na kama atapata unga wa ugali.

Na nyumba haikuwa ya yule kaka. Yeye mwenyewe ni mpangaji, amewapangisha wenzake bila mwenye nyumba kujua. Hili ni la kulielewa vizuri, maana ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Mpangaji wa kawaida wa England, dipoziti yake lazima iwekwe ndani ya siku 30 kwenye mfuko wa kulinda dipoziti unaotambuliwa na serikali. Iko mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Mwenye nyumba asipoiweka, mpangaji anaweza kwenda mahakamani akalipwa mpaka mara tatu ya dipoziti. Lakini ukiwa umepewa chumba ndani ya nyumba anayoishi huyo huyo aliyekupangisha, kinga hiyo ya mfuko huna. Yule kaka analala humo humo, chumba cha juu chenye dirisha. Mdogo wangu alipodai dipoziti akajibiwa: "Wewe ni mgeni wangu, siyo mpangaji." Mgeni! Mgeni aliyelipa milioni 7.

Kila mwezi alitaka pia pauni 40 za kodi ya halmashauri. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi kwenye kodi hiyo. Hiyo nayo aliila.

Baada ya wiki tano mdogo wangu aliondoka. Ofisi ya malazi ya chuo ilimsaidia ndani ya siku nne, siku nne tu, akapata chumba Barking. Na hapa ndipo nimejifunza kwamba kuchagua mahali pa kupanga kwenye jiji kama lile si suala la jina la mtaa wala nani yuko jirani. Unaanza na stesheni ya chuo au kazi, unafuata njia ya treni inayopita hapo, unatazama kodi inavyoshuka kadiri unavyotoka zoni ya kwanza na ya pili. Barking ni zoni ya 4, mbali kwenye ramani, lakini treni ya District au Hammersmith & City inatoka pale mpaka Mile End moja kwa moja bila kubadilisha. Abbey Wood ni pembeni kabisa kusini mashariki, lakini tangu njia ya treni ya Elizabeth line ifunguliwe Mei 2022 unafika Canary Wharf, kwenye maofisi mengi, kwa dakika kama 11. Mtu mwingine anapanga kwa bei karibu na katikati, halafu hana treni ya maana, anapanda mabasi mawili. Basi nalo si baya, mwaka 2025 nauli yake ilikuwa pauni 1.75 na ndani ya saa moja unabadilisha basi bila kulipa tena. Haya yote yako wazi kwenye ramani ya usafiri ya London, mtu anayafungua akiwa Raskazone amekaa juu ya jiwe. Sisi tulikabidhi akili zetu zote kwa mtu mmoja kwa sababu ya lafudhi yake.

Mawakala wa vyuo walioko Dar nao nawasema. Mmekula ada za kushughulikia maombi, mkajaza fomu, mkapiga picha na vijana wakiwa na viza. Hamkumwambia hata mmoja kwamba vyuo vingi vinawawekea wanafunzi wapya wa kigeni nafasi za bweni wakiomba kabla ya tarehe ya mwisho. Mdogo wangu tarehe ilimpita akiwa hajui kuna tarehe. Mngepungukiwa nini kumwambia?

Nilikwenda Ngamiani. Nilikwenda peke yangu, mchana, kwa adabu. Yule mama akanikaribisha, akanipa maji, nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, yeye ndiye ananilipia dawa." Nikashindwa kuendelea. Sina ugomvi na yule mama na sitaki mtu amguse. Lakini dawa zile zinalipwa na kiwanja cha mama yangu, na hilo nitalisema.

Mnaojiandaa kuniandikia "kosa lenu, mliharakisha": tuliharakishwa. Ndiyo kazi yake, kukuharakisha. Mwenye nyumba wa halali England ana wajibu wa kukagua haki yako ya kupanga kabla mkataba haujaanza, lazima akuombe pasipoti au ule msimbo wa mtandaoni (share code) wa kuthibitisha viza. Anayechukua hela bila hata kukuuliza viza yako inasemaje, huyo mtilie shaka. Na kwa ada ya pauni chache mtu yeyote, popote alipo, anaweza kutafuta jina la mmiliki wa nyumba mtandaoni kwa HM Land Registry. Kijana wa Makorora nimemfanyia hivyo juzi. Jina lililotoka si la kaka yetu. Amesitisha kutuma. Mama yake alinipigia simu akilia, akaniambia walikuwa wameshapeleka hati ya nyumba kwa mkopeshaji.

Tangu nianze kuuliza chini chini, familia tatu za mjini hapa zimeniambia zililipa mtu huyo huyo. Mmoja Duga, wawili Chumbageni. Wote walinyamaza kwa aibu, watu wasije kusema mtoto wao alikwenda Ulaya akalala sebuleni. Wa Chumbageni mmoja alilipa kabla yetu. Angesema, kiwanja cha Pongwe kingekuwepo.

Mdogo wangu ametunza kila kitu: risiti za kutuma hela, ujumbe wote wa WhatsApp, sauti, picha za ule ukuta, vipimo vya sakafu. Chuo kimemwelekeza kwa wanasheria wa bure wanaosaidia wapangaji, nao wanasema malalamiko ya watu wanne yana uzito kuliko ya mmoja. Familia zile tatu mnanisoma humu, najua. Niandikieni inbox. Risiti zenu ziko wapi?