Naombeni ushauri: nilimrekodi mtoto akipigwa Deep Sea, bosi hataki kuiondoa video mtandaoni

Mtoto wa Makorora (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, naandikia redio moja ndogo, huu mwaka wa tatu. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Ijumaa nilikwenda soko la samaki Deep Sea kufuatilia bei, maana vibua vilikuwa vimepanda. Nikakuta watu wamemzunguka kijana, wanasema kamwibia simu mama muuza samaki. Mikono imefungwa kwa kamba, damu inamtoka puani. Nikatoa simu nikarekodi. Mtu mmoja akasema, "Mwandishi, muulize jina." Nikamuuliza. Akataja lake, la baba yake na mtaa wao. Nikamuuliza kama kaiba, akaitikia ndiyo. Baadaye polisi wakaja kumchukua.

Jioni bosi akairusha yote kwenye ukurasa wetu: "Kibaka anaswa, akiri mbele ya wananchi wenye hasira kali". Hatujawahi kuweka habari ikatazamwa kiasi kile.

Jumatatu mama yake akaja ofisini. Hakuja kwa fujo. Alisema, "Mwanangu, sikatai, huenda kaichukua. Lakini ana miaka 15. Mdogo wake shuleni anaitwa dada wa kibaka. Mimi nauza chapati, majirani wameacha kununua. Nawaombeni mwitoe." Bosi akamjibu kuwa tukio lilikuwa hadharani, kijana kakiri mwenyewe, na Katiba inatupa uhuru wa habari. Mama wa watu akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Nimebaki na hilo la Katiba. Je, bosi yuko sahihi? Na nikimbana, kazi itabaki?

Nahodha wa Sahare

Mdogo wangu, mimi ni mvuvi. Mwaka jana niliibiwa injini ya boti, deni lake nalilipa mpaka leo. Hakuna mwandishi aliyekuja kwangu. Watu wa baharini tumechoka, mtu akikamatwa leo, keshokutwa unamwona kijiweni. Mama yule namhurumia, ila na aliyeibiwa simu naye ana watoto wa kulisha. Mwizi ajulikane.

Wakili Kijana

Ndugu mwanzisha uzi, bosi wako kasoma ibara moja akafunga kitabu. Ibara ya 18 kweli inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba hiyohiyo ya 1977 inamlinda kila mtu nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Ya 13(6) inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na inakataza pia mateso na adhabu za kudhalilisha. Kisha soma ya 30, ndiyo inayojibu swali lako: haki ya mtu mmoja haitumiki kukatiza haki za wengine.

Huyo ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Mahakama ya Watoto husikiliza kesi zake faraghani. Hakimu anafunga mlango, ninyi mnaweka jina, uso na mtaa! Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watoto na taarifa za makosa ya jinai zote zimo katika taarifa nyeti. Mama akiamua kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, bosi atahitaji jibu zaidi ya "ilikuwa hadharani".

Na huko "kukiri" kusahaulike. Maneno ya mtu aliyefungwa kamba anavuja damu hayana uzito mahakamani.

Jambo moja muhimu: itoeni mtandaoni, lakini usifute rekodi ya asili. Kumpiga mtu ni jinai, na hao waliompiga wanaonekana humo. Ihifadhi. Mama akienda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, huo ndio ushahidi wake.

Mzee wa Pongwe

Nimefanya kazi ya habari tangu enzi za kukata kanda kwa wembe. Kijana, naomba nikushike hapo kwenye "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo tumeyatumia miaka mingi, na mimi nimeyatumia, Mungu anisamehe. Watu ishirini wanampiga mtu mmoja aliyefungwa, sisi tunawapa sababu ndani ya sentensi hiyohiyo: wana hasira. Aliyepigwa tunamwita kibaka kabla ya kesi, waliopiga tunawaita wananchi. Msikilizaji ameshahukumu kabla habari haijafika katikati. Andika kilichotokea: watu walimfunga na kumpiga kijana anayetuhumiwa kuiba simu. Basi.

Msidhani ni ubishi wa maneno tu. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, na tunajua kilichofuata. Mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha ikawatia hatiani wahusika wa vyombo vya habari mwaka 2003. Sisemi redio yako ni ile. Nasema mtu akishaondolewa utu kwa jina, mkono unaoinuliwa juu yake hauoni uzito.

Nahodha, na wewe una haki yako. Wizi wa injini za boti ni habari kubwa: zinauzwa wapi, nani ananunua, kesi zinakwama wapi? Kijana, nenda kamsikilize, hiyo kazi inakusubiri.

Mwalimu Ngamiani

Mkifuta ukurasani bado. Mimi nafundisha, video ya namna hiyo nimeshaikuta kwenye simu za wanafunzi wiki mbili baada ya kufutwa. Waandikieni viongozi wa magrupu ya WhatsApp waifute. Na mama aelekezwe kwa afisa ustawi wa jamii, au apige 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure.

Mtoto wa Makorora

Nashukuruni sana. Mzee wangu, shikamoo. Leo nimemwonyesha bosi Ibara ya 16 na ya 30. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Hiyo ya taarifa nyeti una hakika?" Video imeondolewa mtandaoni saa nane mchana. Rekodi ya asili ninayo. Kuomba radhi hewani amekataa, nitaendelea kumwomba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lile swali la jina niliuliza mimi. Ningeweza kuita polisi kwanza. Kesho nataka kwenda kwa yule mama. Nianzeje?

Mzee wa Pongwe

Marahaba. Usiende kama redio. Salimia, kaa utakapoonyeshwa, mwambie video imeondolewa na kwamba swali lile uliliuliza wewe. Mwambie rekodi ipo na itamfaa kwa jambo gani, aamue mwenyewe. Kijana akiwepo usimhoji.

Nahodha wa Sahare

Ukitoka huko pita mwaloni Sahare, niulizie. Karatasi za injini ninazo bado.

Mtoto wa Makorora

Nitakuja, kaka. Baada ya alasiri.