Wauza pinde za mtumba mjini: mnawauzia vijana wetu ubovu uliopakwa rangi

Assalaam alaykum nyote.

Nina hasira tangu juzi na sikuona sababu ya kuzimeza. Uzi huu ni wa wale wanaofungua makontena ya mitumba, wakakuta humo upinde wa kisasa, ule wenye roda juu na chini na kamba zinazopishana katikati, wakaupiga picha na kuandika "upinde wa kuwindia paa, uko fiti, tayari kwa kazi". Wengi wenu mnauza kitu msichokijua kwa watu wasiokijua. Wengine mnajua fika kuwa ni kibovu na mnaficha. Nyinyi wa pili ndio khasa ninaokukusudieni.

Kijana wa dada yangu ana miaka 19. Kabeba zege miezi, kajinyima, kanunua upinde kwa laki tatu na nusu katika duka moja mjini, silitaji jina. Hamu yake si ya kipuuzi. Kusoma kurusha mishale ni jambo lenye fadhila katika dini yetu; hadithi ya Uqba bin Amir inajulikana misikitini, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema juu ya mimbari kuwa nguvu ni kurusha, akairudia mara tatu. Vijana wengi hapa Unguja wanaanza kwa hilo, kisha wanaona video za Wamarekani wanavyowinda kule kwao, na hamu inakuwa kubwa. Hakuna ubaya hapo. Ubaya uko kwa mtu mzima anayeiona hamu ile na kuifanya mtego.

Mnajua muuzaji alimfanyia nini? Alimpa upinde mkononi, hauna mshale, akamwambia: "Vuta mpaka mwisho, achia, usikie nguvu yake." Kijana akavuta, akaachia. Tena kasimulia kuwa kila anayeingia dukani anafanyiwa hivyo hivyo, ndiyo tangazo lao. Laa haula! Upinde haufyatuliwi mtupu hata siku moja. Nguvu yote uliyoiweka kwa kuvuta inatakiwa iondoke na mshale. Mshale usipokuwepo inarudi kwenye upinde wenyewe. Mikono ya upinde, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mpini, inapasuka, roda inapinda, kamba inachomoka. Ajali hutokea hapo hapo dukani, na mara nyengine upinde hubaki mzima machoni huku ndani umeshakatika nyuzi, ukamsubiri mtu atakayekuja kuuvuta karibu na uso wake. Upinde uliofyatuliwa mtupu na kila mpita njia ni upinde usioaminika, na wao wamejenga biashara juu ya kufyatua!

Kauleta kwangu kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwa mweusi toka kiwiko mpaka kifundo. Mie nimejishughulisha na mchezo huu miaka, kwa hiyo niliuchukua nikauweka juu ya meza. Mikono yote miwili ya upinde ilikuwa na rangi nyeusi mpya ya kupuliza. Mpini umechubuka, roda zina kutu ya chumvi, upote, yaani kamba ya kurushia mshale, umetoka manyoya, lakini mikono inang'aa. Nikachukua kipande cha pamba ya dukani, nikaipitisha polepole juu ya mkono wa juu, upande wa ndani, kisha kwenye kingo. Karibu na roda pamba ikashika. Nyuzi zake nyeupe zikabaki zimening'inia kwenye rangi, na nilipokwangua kwa ukucha rangi ikabanduka, ufa ukaonekana, mrefu kama kidole, unaofuata urefu wa mkono. Mtu kaupaka rangi ufa ule. Ufa haujipaki wenyewe.

Nyote mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) na muuza chakula sokoni, alipotia mkono kwenye fungu akakuta chini kumeloa, akasema mwenye kutughushi si katika sisi. Muuzaji anasali safu moja na sisi na kisa hiki anakijua kuliko mie. Na chakula kilicholoa kinakuharibia pesa tu. Mkono wa upinde ukikatika umevutwa hadi mwisho, upote uko sentimita chache na jicho.

Tulirudi dukani. Akatwambia mtumba hauna dhamana, na kwamba "Wamarekani wanaua dia kwa upinde huo huo". Basi na tuzungumze hiyo dia, yaani kulungu wao, maana hapa ndipo uongo wa pili ulipo.

Dia wa Marekani, dume aliyekomaa, anapita kilo 60 na wengi wanapita 100. Upinde wa pauni 60 mpaka 70, yaani uzito wa kuuvuta, unatengenezwa kwa mnyama wa kiasi hicho na mtu mwenye mwili uliozoea. Na hata kule kwenyewe sheria za majimbo mengi zinakubali upinde wa pauni 40 kwa dia, na Colorado ni 35. Kwa hiyo hakuna anayeanza anayehitaji pauni 70, si Ohio wala Fuoni. Msasi wa kule hukaa juu ya mti amejifunga mkanda, anasubiri mnyama aje hatua 20 au 30, mahali palipo wazi, analenga moyo na mapafu, na akishapiga hatoki mbio, anangoja kabla ya kufuata damu. Kafanya mazoezi ya miezi kabla ya siku hiyo, na ana leseni mfukoni.

Huku kwetu tuna paa nunga na paa mdogo. Paa nunga mkubwa hafiki kilo 15. Anaishi kwenye vichaka vya maweni ambako huoni hatua kumi mbele, na kijiti kimoja kinatosha kuupindua mshale. Na analindwa! Sheria ya misitu Na. 10 ya 1996 ipo, Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, paa nunga wamewahi hata kuhamishiwa kisiwa cha Chumbe ili kizazi kisipotee. Nje ya kisiwa hiki, paa nunga unamkuta katika misitu ya pwani ya Kenya, basi. Halafu mtu anaandika kwenye tangazo "upinde wa kuwindia paa" na kumpa kijana wa miaka 19, ambaye akikamatwa Jozani au Kiwengwa na upinde begani, muuzaji hatokuwepo kumtetea. Pemba vile vile, msinambie msitu wa Ngezi uko mbali na macho ya watu.

Kuna na jambo la uhalali wa nyama ambalo silioni likitajwa. Hadithi ya Adiy bin Hatim iko wazi: kinachopigwa kwa ncha ikatoboa, kwa bismillahi, kinaliwa; kinachopigwa kwa ubavu kikafa kwa kishindo ni mawqudha, hakiliwi. Podo aliyouziwa kijana ilikuwa na mishale ya aina tatu tofauti, vyembe vyake ni vile vidogo vya duara vya kutobolea karatasi za shabaha. Mshale huo kwa mnyama ni dhulma. Unamjeruhi, anakwenda kufia kichakani kwa siku mbili. Na wanaojaribia kwa kunguru na paka, tumekatazwa kukifanya chenye roho kuwa shabaha, na hapo hakuna mjadala.

Nirudi kwenye upinde wenyewe, maana najua wapo wanaosoma hapa na wana pesa mkononi, wanataka kuanza, na mtumba ndio uwezo wao. Mtumba si haramu. Mie mwenyewe karibu kila nilichonacho ni mtumba. Lakini upinde wa roda una jambo ambalo wauzaji hawakwambiini: urefu wa mvuto, yaani umbali wa kuuvuta upote mpaka mwisho, umefungwa ndani ya roda. Nyosha mikono yako miwili pembeni, mtu akupime toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, gawanya kwa 2.5. Kijana wetu ana inchi 67, kwa hiyo mvuto wake ni kama inchi 27. Upinde aliouziwa umefungwa kwa inchi 30. Inchi tatu zaidi! Ndiyo maana upote unamchapa mkono, ndiyo maana anauvuta ameuelekeza mbinguni na mgongo umepinda. Kuubadilisha kunataka kipande cha roda cha modeli ile ile, na kwa pinde za zamani vipande hivyo havitengenezwi tena. Mkubwa wa mwili kauza Ulaya, mdogo wa mwili kanunua Unguja, na katikati yupo mtu anayesema "utazoea". Huzoei. Mfupa haurefuki.

Na usidanganyike na ule wepesi. Roda zimewekwa makusudi ili ukifika mwisho uzito ushuke. Upinde wa pauni 70 unaopunguza asilimia 80 unaushikilia kwa pauni 14 tu. Muuzaji anakusaidia kuuvuta, unafika mwisho, anakwambia "unaona mwepesi?" Peke yako utaupitisha vipi mlima ule wa katikati, pale uzito unapokuwa wote? Skrubu za mikono kwa pinde nyingi za zamani zinapunguza kama pauni kumi, si zaidi, na ukizilegeza kupita kiasi mkono wa upinde unaweza kuchomoka wote.

Anayeanza achukue upinde wa kawaida wa kuunganisha, ule usio na roda, mikono yake inafunguliwa, pauni 20 mpaka 30. Huo hauna urefu wa mvuto uliofungwa, ndugu wawili wanaweza kuutumia, na ukipata nguvu unabadilisha mikono tu huku mpini ukibaki. Ukaguzi wake ni mwepesi: pamba kwenye mikono, kisha utazame toka ncha moja kuelekea nyengine kama upote unapita katikati au mkono umejipinda. Ulioachwa ndani ya gari juani au kontenani muda mrefu, gundi yake huachia. Ukiona tabaka zimeachana, rudisha. Tazama na upande: wa mkono wa kulia unashikwa kwa mkono wa kushoto, na nimeshaona watu wameuziwa wa kushoto bila kuambiwa.

Podo nunua mtumba, kinga ya mkono nunua mtumba, hata mpini. Upote nunua mpya, bila mjadala. Kwa upinde wa roda kubadilisha kamba kunataka mashine ya kuubana, na mie hapa mjini sijaiona kwa fundi yeyote, kwa hiyo hesabuni na hilo kabla hamjatoa pesa. Mishale ya kaboni ya mtumba naikataa kabisa mpaka niipinde taratibu na kuizungusha karibu na sikio. Ikilia kidogo tu, inavunjwa na kutupwa, kwa sababu mshale wenye ufa ukipasuka wakati wa kuachia unaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Na ugumu wake lazima ulingane na upinde: namba 500 ni laini kuliko 400, na 340 ni mgumu zaidi. Mishale laini kwenye upinde wa pauni 65 ni ajali inayongoja saa yake. Alichouziwa kijana ni mchanganyiko wa 500 na mengine yaliyofutika namba. Muuzaji aliiita "seti".

Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nguo chakavu, mita tano mpaka kumi kwa kuanzia, na nyuma yake ukuta wa udongo au kifusi. Si uwa wa makuti wenye jirani nyuma yake, mshale uliokosa unakwenda zaidi ya mita mia.

Najua watakuja wa kusema nawaharibia watu riziki, na kwamba mnunuzi mwenyewe angekagua. Angekagua vipi ufa uliopakwa rangi? Huko si kuuza, ni kumpa mtu mbuzi ndani ya gunia ukiwa unajua kuwa mbuzi kafa. Riziki ya halali inapatikana kwa kuandika "una ufa, wa kupamba ukutani" na kuuza kwa bei ya pambo. Tungenunua na tungekushukuruni.

Wasimamizi wa jukwaa, nakuombeni tangazo la upinde lisipite bila picha za karibu za mikono yote miwili pande zote, urefu wa mvuto, pauni na upande. Na neno "paa" litolewe kwenye matangazo hayo.

Na wewe mwenye duka, najua unasoma humu. Pesa ya kijana irudi yote. Upinde wake ninao mie, hauuzwi tena kwa mtu mwengine. Lakini nimeona ukutani kwako mna nyengine mbili, mikono yake imepakwa rangi ile ile mpya. Ziteremshe leo, kabla hujampa mtu mwengine akazivuta.