Mjadala: Tuendelee kulisha samaki wa mapambo kwa samaki hai?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za leo. Kwenye maduka ya samaki wa mapambo mara nyingi utakuta ndoo au tangi la pembeni lenye samaki wadogo wa bei ya chini kabisa: goldifishi wachanga, gapi, vifaranga vya sato. Hao hawauzwi ili wafugwe. Wananunuliwa na wenye oska (samaki mla nyama wa Amazon) na samaki wengine wakubwa, wanamwagwa tangini wakiwa hai, na simu zinatolewa kurekodi. Naomba tulijadili hili waziwazi. Msimamo wangu ni kwamba tuache, na sisi wanunuzi ndio tuanze.

Hoja inayotolewa kila mara ni kwamba oska ni mwindaji, kwa hiyo tunamrudisha kwenye asili yake. Kwao Amazon oska hula wadudu, konokono, kamba, samaki wadogo, hata matunda yaliyodondoka majini. Samaki ni sehemu tu ya mlo wake, na samaki anayemkamata huko ameshiba vyakula vya mtoni. Wa kwenye ndoo amerundikwa na wenzake kwenye maji machafu, na hakuna anayempa chakula cha maana, kwani nani atamgharimia samaki wa kuliwa kesho? Tumbo lake tupu, mwili umekonda. Mnyama wako anameza magamba, miiba na vimelea.

Vimelea hivyo si vya kubuni. Kuna ugonjwa wa madoa meupe, unaoweza kumaliza tangi zima kwa siku chache. Kuna minyoo myekundu ya Camallanus, ambayo utaiona ikichungulia kwenye njia ya haja ya samaki wakati imeshaota mizizi tangini. Kuna pia kifua kikuu cha samaki, kinacholetwa na bakteria Mycobacterium marinum. Huyu anaweza kuingia hata kwako kupitia mchubuko wa mkono unapoosha tangi, na kidonda chake hakiponi haraka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Goldifishi na jamaa zake, koi wakiwemo, wana kimeng'enya kiitwacho thayaminesi ambacho huharibu vitamini B1. Kuwagandisha hakusaidii, joto la kupika ndilo linalokivunja. Samaki anayelishwa goldifishi peke yao kwa muda mrefu hupungukiwa B1: anakataa chakula, anayumba, anashindwa kujiweka sawa majini. Mwenye tangi anabadilisha maji wiki baada ya wiki akidhani maji ndiyo tatizo.

Na yule anayeliwa? Mtoni ana mawe, majani na kina cha kukimbilia. Kwenye tangi la lita mia ana pembe nne tu. Anafukuzwa mpaka achoke, na watoto wamekaa mbele ya kioo wanashangilia. Mimi hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, hapo sikuungi mkono. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Sangara anakula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, anakula dagaa, anakula hata watoto wake mwenyewe, na hakuna anayemshtaki. Samaki kula samaki ndiyo maisha ya majini. Tena hivyo vyakula vya kopo vinatoka nje na bei yake inamshinda mtu wa kawaida.

Mleta mada

Ndugu yangu, mfano wa sangara unaniongezea hoja. Aliletwa Ziwa Victoria kwa mikono ya watu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 idadi ya furu ilikuwa imeporomoka. Mamia ya aina zao yalitoweka au kubaki machache sana. Baadhi ya furu wanatunzwa leo kwenye matangi ya Ulaya na Marekani ili uzao wao usipotee. Binadamu akimweka mwindaji mahali ambapo mawindo hayana namna ya kujinusuru, tusiseme ni maumbile yamefanya kazi.

Kuhusu bei, uko sahihi kwamba kopo la nje ni ghali. Lakini peleti zinazoelea, yaani punje za chakula kikavu, za wafugaji wa sato na kambale zinauzwa kwa kilo, na oska anazila vizuri. Soma asilimia ya protini kwenye mfuko; kwa mla nyama tafuta 40 au karibu na hapo. Nunua mfuko uliofungwa, uhifadhi pakavu na penye baridi. Chakula kilichokaa wazi dukani kikichotwa na kila mteja huwa kimepoteza vitamini C nyingi. Ongeza vipande vya kamba, minofu ya sato na nyungunyungu kutoka udongo usiopuliziwa dawa. Kamba peke yake kila siku pia si mlo kamili.

Mchangiaji, Unguja

Mie naomba tusitie kila kitu chungu kimoja. Kisiwani kwetu kuna samaki wadogo wa madimbwi, Nothobranchius guentheri, warembo ajabu. Dimbwi likikauka wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope mpaka mvua irudi. Hawa wengi wao chakula kikavu hawakigusi, wanataka kinachotembea. Mkisema chakula hai basi, mmewaua. Mie ninawafugia viluwiluwi vya mbu, tena bure.

Mleta mada

Dada, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ninachopinga ni samaki hai, si kila kinachotikisika. Artemia, vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, ni bora kwao: mayai yake yanaanguliwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa ya kutosha kwa siku moja na ziada. Dafnia (viroboto wa maji) pia wanafugika kwenye maji ya kijani yenye mwani.

Viluwiluwi ndivyo ninavyovihofia. Dar tulipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza huzaliana hukohuko kwenye ndoo na matairi ya majumbani. Ukisahau ndoo moja siku mbili tatu, majirani ndio wanaoumwa.

Mchangiaji, Kigoma

Huku tatizo ni kinyume. Watu wananunua Tropheus wa Ziwa Tanganyika, kisha wanawapa moyo wa ng'ombe wakidhani wanawapenda. Tropheus anakwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima na utumbo wake ni mrefu. Mlishe nyama, tumbo linavimba, na wanaweza kufa kundi zima. Mpeni spirulina (chakula cha mwani) na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi nauza hao samaki. Wateja ndio wanaitisha. Nikikataa wanavuka barabara kwa mwenzangu. Lakini nikiwatenga wiki mbili niwalishe vizuri kabla ya kuuza, shida bado iko wapi?

Mleta mada

Asante kwa kujitokeza, kaka. Wiki mbili zitapunguza madoa meupe. Kifua kikuu cha samaki kinaweza kukaa miezi bila dalili, na goldifishi hata akishiba vipi thayaminesi yake iko palepale. Ukizalisha gapi wako mwenyewe, tangi safi na chakula kizuri, hoja yangu ya magonjwa na ya vitamini inadhoofika sana, nakiri. Inabaki ile ya mateso, na hapo nadhani mimi na wewe tutaendelea kutofautiana.

Mchangiaji, Mwanza

Sawa mkuu. Tuseme nimekubali kujaribu. Oska wangu amezoea samaki hai, peleti anazitema. Nifanyeje?

Mleta mada

Kama ni mkubwa na mwenye afya, msimamishie chakula siku kadhaa. Hata wiki haitamdhuru. Usifanye hivyo kwa samaki mchanga. Kisha chukua kipande cha kamba, kichomeke kwenye kijiti na ukichezeshe mbele yake, maana kinachomvuta ni mwendo. Akishazoea, ficha peleti iliyolowa ndani ya kamba, halafu punguza kamba kidogokidogo. Kila alichokiacha kitoe baada ya dakika chache, kisioze na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Akitema, usirudi kwenye ndoo ya dukani. Mwache mpaka kesho, ujaribu tena. Tupe majibu hapa akianza kula.