Kupunguza utegemezi wa mafuta ya nje: tuanze na magari gani?

Mwanakibirizi:
Heshima kwenu wakuu. Kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, sisi wa Kigoma tunatafuta mstari wetu kwenye jedwali tukijua tayari kwamba utakuwa juu ya ule wa Dar es Salaam, kwa kuwa lita inayotufikia imelipiwa usafiri wa zaidi ya kilomita 1,200. Nchi haichimbi mafuta ghafi, na tangu mtambo wa TIPER uache kuyasafisha, petroli na dizeli zote hushushwa bandarini zikiwa tayari na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Je, taifa linaweza kweli kujinasua kwa magari yanayokunywa mafuta kidogo na kwa kubana matumizi, au tunajifariji tu?

Fundi wa Mwanga:
Linaweza kupunguza, ingawa si kujinasua kabisa. Baada ya bei ya mafuta kupanda karibu mara nne katika miaka ya 1973 na 1974, Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 iliyowataka watengenezaji wafikishe wastani wa magari mapya kwenye maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985, yaani takriban kilomita 11.7 kwa lita, na magari yao yakabadilika kweli.

Kuhusu pa kuanzia, wengi hukimbilia magari madogo, na hapo ndipo hesabu inapowapiga chenga. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita likibadilishwa kwa la kilomita 20, katika kila kilomita 100 unaokoa lita 1.7 hivi. Gari kubwa la kilomita 5 kwa lita likibadilishwa kwa la kilomita 7, unaokoa lita 5.7, zaidi ya mara tatu, ingawa kilomita 7 kwa lita si jambo la kujivunia mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo tuanze na malori, mabasi na yale magari makubwa ya ofisi na mashirika yanayoshinda yakinguruma kivulini ili kiyoyozi kisizime.

Matengenezo nayo yana nafasi yake. Dizeli kuukuu inayotoa moshi mweusi kila ikipanda kilima, mara nyingi nozeli zake zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza, au filta ya hewa imeziba kwa vumbi, na moshi ule ni mafuta ambayo hayakuungua. Mwenye gari atakwambia injini bado ina nguvu.

Mzee wa Ujiji:
Ndugu Fundi, nakubaliana na hesabu yako, ila kubana matumizi kwa amri tulikwisha kukuonja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali, na watu walitii kwa sababu ya askari. Linganisha na wavuvi wetu wa dagaa: karabai za mafuta ya taa zimekuwa zikiachiwa nafasi na taa za betri na za sola bila mtu kuandikiwa faini, kwa sababu mwenye mtumbwi aliona mwenyewe fedha iliyokuwa ikiteketea usiku kucha juu ya maji.

Nashangaa pia kwamba hakuna aliyeitaja reli. Iliingia Kigoma mwaka 1914, na mzigo ukiwa kwenye behewa hutumia mafuta machache mno kuliko ukiwa kwenye lori. Mkataba wa SGR, yaani reli ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na treni hiyo ni ya umeme. Ikifika, shehena ya saruji itasafiri bila hata lita moja ya dizeli njiani.

Mwanakibirizi:
Ahsante sana mzee wangu, ahsante Fundi. Linalonisumbua sasa ni ushuru wa bidhaa kwa magari tunayoagiza, unaopangwa kwa ukubwa wa injini. Magari mawili ya petroli ya cc 1,500 yako kundi moja, hata kama moja linakwenda kilomita 20 kwa lita na jingine 11. Kwa nini tusitoze kwa lita zinazotumika?

Fundi wa Mwanga:
Kwa sababu cc zimeandikwa kwenye kadi ya gari, lakini kilomita kwa lita hazimo. Zikiandikwa, zitatozwa.