Nimelipia kushusha tangi, fundi akanikatia bodi ya pikapu kwa grainda

Wadau, naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaipunguza. Kuna gereji hapa Nairobi, pande za Industrial Area, imekata shimo kwenye bodi ya nyuma ya pikapu yangu, juu kabisa ya tangi lenye petroli, bila kuniuliza. Kisha ikanidai hela za kushusha tangi ambalo halikushushwa. Jina lake litakuwa kwenye malalamiko rasmi, si hapa. Hapa nataka kila mwenye gari ajue pampu ya mafuta hufikiwaje, ili fundi asimdanganye.

Gari lilizimia Landhies Road nikitoka Marikiti na magunia ya viazi. Likavutwa hadi gereji. Kwenye kutafuta tatizo fundi simlaumu. Aliangalia fyuzi, akabadilisha relei kujaribu, akaniambia niwashe swichi huku yeye akisikiliza karibu na tangi. Kwenye magari mengi pampu nzima huvuma kidogo hapo kabla hujapiga stata. Hii ilikuwa kimya, na umeme ulikuwa unafika. Pampu imekufa, sawa. Tukaelewana mbele ya vijana wake: pampu nitanunua mwenyewe, yeye atashusha tangi, kazi elfu nane. Nikaenda Kirinyaga Road, nikaipata, nikamletea, nikaondoka kuhangaikia viazi vya watu.

Niliporudi nilikuta sakafu ya bodi imebandikwa kipande cha bati kwa riveti, pembeni kumepakwa silikoni nyeusi ambayo hata haijakauka. Unga wa chuma umetapakaa hadi kwenye kona. Nikalala chini ya gari nikaangalia mikanda inayoshika tangi. Bolti zake bado zilikuwa zimefunikwa na udongo mwekundu uliokauka tangu mvua. Hakuna spana iliyogusa pale. Nikamuita aje aone. Akaniambia, bila haya yoyote: "Boss, nimekurahisishia. Siku nyingine pampu ikikufa unafungua tu hapa juu." Nikamuuliza, mbona basi unanidai elfu nane za kushusha tangi? Kimya. Kisha akasema kazi ni kazi.

Nilizilipa kwa sababu wangenizuilia gari na nilikuwa na mzigo wa kesho yake. Lakini risiti nimeidai, na imeandikwa kwa mkono wake "kushusha tangi". Hiyo nimeiweka mahali salama.

Sasa tusikilizane. Magari hayafanani. Saluni na stesheni wagoni nyingi tunazoendesha hapa, kama Axio, Fielder na Vitz, zina mfuniko chini ya kiti cha nyuma. Unainua kiti, unatoa mfuniko uliogandishwa kwa gundi nyeusi, pampu hiyo hapo. Mtu akikwambia Fielder yako lazima ishushwe tangi ndipo pampu ibadilishwe, anataka kukula hela. Subaru zinazovuta magurudumu yote manne zina tangi lililokaa kama tandiko la punda, limeipanda shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kwa hiyo lina pande mbili na mifuniko miwili, na fundi asiyejua hufungua upande usio na pampu akaanza kubahatisha. Honda Fit tangi lake liko chini ya viti vya mbele, na nimesikia watu wakifumuliwa viti vya nyuma bure.

Pikapu ni habari nyingine. Juu ya tangi kuna bodi ya mizigo, na kwa kawaida kiwanda hakikuweka mlango hapo. Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kunyonya mafuta, kuegemeza tangi kwenye jeki, kufungua mikanda na kulishusha. Ya pili, ambayo mafundi wazuri wa pikapu huipenda, ni kuinua bodi yenyewe: unafungua bolti zinazoishikilia kwenye chesi, skrubu za mdomo wa kujazia mafuta na soketi ya taa za nyuma, kisha vijana wanne wanainyanyua au kuiinamisha upande. Bolti zikiwa na kutu inachosha, lakini unaiona pampu yote, mipira yote na waya zote, na tangi halisogei. Angeniambia anataka kuinua bodi badala ya kushusha tangi ningekubali papo hapo.

Kukata si njia ya tatu. Na hasira yangu kubwa iko hapa, kwa sababu wengi wataniambia "si gari limewaka, tulia". Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea, unatulia chini na kwenye nafasi zilizobana, na kati ya tangi na bodi ndipo pamebana. Tangi langu lilikuwa nusu, maana yake nusu nyingine imejaa mvuke. Mtu akaleta grainda hapo inayomwaga cheche kama fataki, na kando yake vijana wa umri wa mwanangu wameshika tochi. Gereji hiyo imepakana na vibanda vya mama wa chakula. Nani angezijibu familia hizo?

Halafu diski ya grainda haioni. Ukikata kutoka juu hujui chini yake kuna nini. Kwangu imegusa waya: geji ya mafuta sasa inalala sifuri hata nikijaza. Ingesogea kidogo ingekata mpira wa mafuta. Unga wa chuma umedondoka juu ya tangi palepale pampu inapofunguliwa, na kama umeingia ndani ndio utakaoiziba pampu mpya. Kingo za shimo hazikupakwa rangi, zitashika kutu. Mimi hubeba mboga mbichi na viazi vyenye tope, maji hutiririka kwenye bodi kila siku, na sasa yatatiririkia soketi ya umeme ya pampu. Na hii ni gari ya biashara, lazima ipite ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka.

Kinachoniuma zaidi: nimeuliza fundi wa bodi, akasema shimo halichomelewi tangi likiwa chini yake, lazima lishushwe kwanza. Kazi ileile niliyolipia elfu nane ikakwepwa, nitailipia tena, na ya kuchomelea na rangi juu yake.

Kwa wale watakaosema "hivyo ndivyo jua kali ilivyo", hapana. Nina mafundi wa jua kali Kariobangi ninaowaheshimu, na hawajawahi kugusa kitu changu bila kunipigia simu. Na sheria ipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari: makadirio ya gharama, idhini ya mwenye gari kabla ya kazi, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Mimi pampu yangu ya zamani sikupewa hadi leo. Nilipoiulizia nikaambiwa ilitupwa.

Ninayo risiti, picha za shimo na picha za zile bolti zenye udongo. Nawataka warudishe elfu nane, walipie kuchomelea na kutengeneza waya wa geji. Wakikataa naenda mbele.

Mwenye uzoefu wa kushtaki gereji kwenye mahakama ya madai madogo hapa Nairobi, niandikie ni karatasi gani ulibeba. Na anayemjua fundi wa bodi anayekubali kushusha tangi kwanza kabla hajawasha moto, aniambie yuko wapi. Gari silipakii mzigo hadi hilo shimo lifungwe.